Barua Iliyokaa Jalada Lisilo Lake

Siku niliyoripoti kazini kwa mara ya kwanza nilipewa kiti kisicho na mgongo, muhuri wa tarehe na kikopo cha gundi. Ilikuwa Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika masjala ya ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Kwa vijana wasiojua, masjala ni chumba ambamo barua zote za ofisi huingia, hupewa mahali pa kukaa, kisha huanza safari ya kwenda kwa wakubwa. Mimi nilikuwa binti wa Kigogo kutoka Mvumi, nimemaliza kidato cha nne, viatu vinanibana, na joto la pwani sijalizoea.

Aliyenipokea alikuwa Karani Mkuu, mzee mwembamba aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja.

"Unaitwa nani?"

"Damari, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Keti hapo. Leo usiguse kitu, tazama tu. Kesho utagusa, na kesho kutwa nitaanza kukugombeza."

Alitimiza ahadi. Siku ya tatu alinigombeza kwa sababu niliandika folio kwa kalamu ya bluu. Folio ni namba ya karatasi ndani ya jalada; huandikwa pembeni juu, upande wa kulia, kwa penseli nyekundu, ili karatasi ikichomolewa pengo lionekane mara moja. Kila barua iliyoingia tuliigonga muhuri, tukaiandika katika rejista: imetoka wapi, inahusu nini, imewekwa jalada gani. Mwisho wa mstari karani aliweka herufi za jina lake. Zangu zilikuwa D.M.

Ofisi yetu ilipokea barua za balozi zetu za nje. Zilifika ndani ya mfuko wa turubai uliofungwa kwa lakiri, siku mbili kwa wiki, na siku hizo hatukuinua vichwa. Nchi ilikuwa changa, balozi zilikuwa zikifunguliwa kila upande, na kila balozi alikuwa na mengi ya kusema. Tulifungua, tukagonga, tukaandika, tukabandika. Nilikuwa mwepesi. Karani Mkuu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliwahi kuwaambia wenzangu, "Mtazameni Damari, mfuko mzima anaumaliza kabla ya saa sita." Nilitembea na maneno hayo wiki nzima kama mtu aliyevaa gauni jipya.

Serikali ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, watumishi wengi walitafuta daktari wa kuwaandikia kwamba vumbi linawadhuru. Mimi niliomba kwenda. Kwao Dodoma ilikuwa jangwa, kwangu ilikuwa nyumbani. Nikapelekwa pamoja na majalada ya zamani, yaliyopakiwa kwenye makasha ya mbao na kusafirishwa kwa treni. Majengo ya ofisi yalikuwa bado, hivyo makasha yaliwekwa katika ghala la shirika moja la umma kule Kizota, katikati ya karakana za kuchomelea vyuma. Mpango ulikuwa yakae humo miezi michache. Yalikaa zaidi ya miaka kumi.

Katika miaka hiyo nilihudumu chini ya wakuu watatu wa kituo hicho cha kumbukumbu. Wa kwanza alikuwa mwanajeshi mstaafu, aliyetaka makasha yapangwe kwa urefu kama kikosi kwenye paredi, namba za majalada baadaye. Wa pili alikaa akisubiri uhamisho mpaka akaupata. Wa tatu alitoka Kanda ya Ziwa, mtu mpole aliyezungumza polepole kama anayesoma waraka hadharani. Huyo ndiye aliyekuwa Mkuu wa Kituo wakati wa mambo ninayotaka kuyaeleza. Mimi nilikuwa nimepanda hadi Mtunza Kumbukumbu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupigana na mchwa. Mchwa wa Dodoma hawaogopi siri za serikali.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni, redio na nguo za mitumba, na mashirika ya umma yakaanza kuuzwa. Shirika lenye ghala letu nalo likauzwa. Mnunuzi alitaka nafasi ya kuweka bati na saruji. Tukaletewa waraka: ndani ya miezi mitatu tuwe tumechambua kila jalada. Yenye thamani ya kihistoria yahamishiwe chumba kidogo tulichopewa mjini, mengine yateketezwe. Kazi hiyo tunaiita tathmini. Bunda la kuhifadhi tuliliandika H kwa chaki, la kuteketeza tukaliandika T. Nyuma ya ghala tulichimba shimo, na mlinzi wetu, Mzee Chilewa, akawa anachoma kila Jumatatu na Alhamisi.

Ndipo kwa mara ya kwanza nikasoma kwa utulivu yale niliyokuwa nayapiga mihuri ujanani. Niwaambie vijana mnaotaka kuijua historia ya nchi hii: msiishie kwenye hotuba. Hotuba ziliandikwa ili zisikike. Someni barua ambazo mabalozi waliandika wakidhani watasomwa na mtu mmoja tu. Humo nilimkuta balozi aliyesifia urafiki wa mataifa mawili kwa kurasa tano, na katika ukurasa wa sita akalalamika kwamba wenyeji wake wanamsikilizia simu. Nilikuta ripoti za bei ya katani zilizoandikwa kwa huzuni kama taarifa za msiba. Nilikuta balozi mwingine, katika nchi moja ya Ulaya Mashariki, aliyeandika mara tatu kuomba makoti kwa ajili ya wanafunzi wetu. "Vijana hawa wamekuja na mashati," aliandika, "na huku theluji imefika magotini." Jibu la makoti sikuliona popote.

Katikati ya uchambuzi huo alikuja Mwalimu Mwanaidi.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kondoa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa mtandio wa kijani uliopauka kwa vumbi la njiani. Mzee Chilewa alimleta mpaka mezani kwangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu, mwalimu. Habari za Kondoa?"

"Nzuri. Nimeambiwa mnachoma makaratasi ya balozi."

"Hatuchomi yote. Tunachambua."

"Basi nimewahi," alisema, akaketi bila kusubiri kuambiwa.

Alinieleza habari ya kaka yake. Hamisi alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yao, kijana wa kwanza katika mtaa wao kwenda kusoma Ulaya. Serikali ilimpeleka kusomea upimaji wa ardhi. Mwaka wa kwanza aliandika barua kila mwezi. Mwaka wa pili barua zikakoma. Baba yao alikwenda wilayani, akaenda mkoani, kote akaambiwa asubiri. Baadaye watu wakaanza kusema kwamba Hamisi ameoa Mzungu na amekana kwao. Baba akayaamini. Akakataza jina lake lisitajwe nyumbani, na akafa hajalitaja tena.

"Na mama?" niliuliza.

"Mama anakataa yote. Hakubali kwamba amekufa, wala hakubali kwamba ametutupa. Masheikh walimshauri tumsomee dua ya marehemu, akasema hawezi kumzika mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa. Kila Idi anamtengea sahani." Akanitazama. "Dada, mama amezeeka. Mimi nataka neno moja tu. Lolote."

Nilimjibu jibu la kazi. Majalada ya balozi hayajafunguliwa kwa umma. Sheria inataka miaka mingi ipite, na kabla ya hapo lazima kibali kitoke Dar es Salaam. Aandike barua ya maombi. Alicheka kidogo, akafungua mkoba, akaniwekea mezani nakala za barua za maombi alizokwisha kuandika. Zilikuwa kumi na moja. Hakuna iliyojibiwa.

"Nenda, mwalimu," nilisema. "Siwezi kukuahidi kukuonyesha kitu. Lakini kutafuta ni kazi yangu, hilo hakuna wa kunizuia."

Nilianza na majalada ya wanafunzi wa nje. Hamisi alikuwamo: fomu ya afya, picha ndogo ya kijana mwenye masikio makubwa, ripoti ya masomo ya mwaka wa kwanza, nzuri sana. Baada ya hapo, kimya. Folio zilifuatana bila pengo, maana yake hakuna kilichochomolewa. Kwa mtu wa masjala hilo linasema jambo: kama barua ilikuja, haikuwahi kufika hapa.

Niliendelea kwa njia nyingine. Kila balozi, mwisho wa mwaka, alileta orodha ya barua zote alizotuma, kwa namba na kichwa cha habari. Orodha ya ubalozi wa nchi aliyosomea Hamisi, ya mwaka ambao barua zake zilikoma, niliipata kwenye kasha ambalo mchwa walikuwa wameanza kulila pembeni. Nikashuka nayo kwa kidole mpaka mwezi wa pili. Ilikuwa imeandikwa waziwazi: Kifo cha Mwanafunzi wa Upimaji, Ndugu Hamisi. Kiambatisho kimoja.

Kwa hiyo barua ilitumwa. Nikafungua rejista yetu ya barua zilizoingia mwaka ule, nikatafuta namba hiyo. Niliiona. Barua iliingia siku ya mfuko, ikagongwa muhuri, ikaandikwa: Mwanafunzi wa Upimaji. Jalada: Vifaa vya Upimaji. Mwisho wa mstari palikuwa na herufi D.M.

Nilikaa kwenye kasha. Mwandiko ulikuwa wangu, ule wa ujana, wenye mikia mirefu. Nilijaribu kuikumbuka siku ile, sikuikumbuka. Ilikuwa siku moja tu kati ya nyingi, na mimi nikikimbilia kumaliza mfuko kabla ya saa sita. Niliona neno "upimaji", nikaipeleka kwenye jalada la darubini na minyororo ya kupimia. Jalada lile lilikuwa limekwisha kufungwa. Hakuna ofisa aliyekuwa akiliita mezani kwake. Barua ikalala humo. Baba mmoja kule Kondoa akaanza kumchukia mwanawe.

Kilichoninyanyua ni wazo jingine. Vifaa vya Upimaji. Jina hilo nilikuwa nimelisoma siku chache tu nyuma, kwenye jalada la juu ya bunda, nikaandika T kwa mkono wangu mwenyewe. Nani angetaka kuhifadhi habari za minyororo ya kupimia? Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nilitoka mbio. Mzee Chilewa alikuwa amekwisha kuwasha, na mabunda matatu yalikuwa shimoni.

"Mzee, acha! Zima!"

"Nizime na nini, mama? Maji yenyewe ni ya kunywa."

"Mwaga hayohayo!"

Alimwaga ndoo. Tuliyavuta mabunda kwa reki na mikono. Nywele za mikono yangu ziliungua, na kovu moja ninalo mpaka leo kwenye kiganja. La kwanza lilikuwa la ratiba za safari. La pili na la tatu yalikuwa jivu. Jalada la Vifaa vya Upimaji hatukulipata shimoni. Lilikuwa kwenye rundo lililosubiri pembeni, zima kabisa, na mimi nilikuwa nimelipita nikikimbia.

Folio ya tisa ilikuwa barua ya balozi. Aliandika kwamba Hamisi alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa wiki mbili, akafariki. Wanafunzi Waislamu kutoka nchi mbalimbali walimwosha na kumsalia, akazikwa katika makaburi ya mji ule. Balozi alitaja safu na namba ya kaburi. Aliomba familia ijulishwe haraka. Nyuma ya barua ilibanwa bahasha ndogo ya bluu, haijafunguliwa, imeandikwa kwa mwandiko wa mtu anayetetemeka: Kwa Mama.

Nilimpelekea Mkuu wa Kituo vyote: orodha, rejista, jalada. Alisoma polepole kama kawaida yake. Alipofika kwenye herufi mbili aliinua macho.

"Bi Damari, hii D.M. ni wewe?"

"Ni mimi, Mkuu."

"Nani mwingine ameona?"

"Mzee Chilewa ameona naokoa jalada. Hajui la nini."

Nje mashine za kuchomelea zilikuwa zikilia. "Sheria unaijua," alisema. "Siwezi kumwonyesha raia jalada hili bila kibali, na kibali kitachukua miaka. Pia nikupe ushauri kama kaka yako. Jalada hili lilikwisha kuandikwa T. Likirudi lilikotoka, hakuna atakayeuliza."

Sikumchukia kwa maneno hayo. Alikuwa akinionea huruma, na mimi mwenyewe, sitawaficha, wazo hilo lilikuwa limenipitia njiani nikija ofisini kwake. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na jina zuri kazini.

"Mkuu, barua ya balozi ni ya serikali," nilisema. "Hiyo nakubali isubiri kibali. Lakini bahasha hii si yetu. Imeandikiwa mama yake. Haijawahi kuwa kumbukumbu ya serikali hata siku moja. Sisi hapa ni posta tu iliyochelewa."

Aliigeuza bahasha mara mbili. "Andika dokezo," alisema hatimaye.

Dokezo sabili ni karatasi ya ndani ambayo mtumishi humwandikia mkubwa wake kueleza jambo na kuomba uamuzi. Niliandika ukurasa mmoja. Nilieleza kosa, nikataja aliyelifanya, nikaomba ruhusa ya kumfikishia mwenye bahasha mali yake. Chini yake Mkuu wa Kituo aliandika neno moja, "Afikishiwe," akatia saini. Nakala ikaenda Dar es Salaam. Baada ya miezi miwili likarudi onyo la maandishi kwangu, na kupandishwa cheo kulikokuwa karibu kukasogezwa miaka kadhaa. Yeye naye aliulizwa maswali, akajibu, wakamwacha.

Nilikwenda Kondoa kwa basi la asubuhi, bahasha nimeifunga kwenye khanga ndani ya mkoba. Barabara ya Haneti enzi zile ilikuwa inavunja mgongo. Mwalimu Mwanaidi, niliyempelekea habari kwamba naja, alinipokea kituoni, akaniangalia usoni, hakuuliza kitu mpaka tulipofika nyumbani.

Mama yao, Bi Mwanahawa, alikuwa ameketi mkekani akichambua mtama. Kiswahili chake kilikuwa cha shida. Alizungumza Kirangi, binti yake akatafsiri. Nilimwamkia, nikaketi chini, nikasema niliyoyapanga: kwamba Hamisi alifariki mwaka uleule barua zilipokoma, kwamba alisaliwa na Waislamu wenzake, kwamba hakuwakana. Kisha nikasema kwamba barua ya kuwajulisha ilifika nchini, na aliyeipeleka mahali pasipo pake ni mimi.

Mwalimu Mwanaidi alikuwa akitafsiri. Hapo akaacha.

"Wewe?"

"Mimi, mwalimu."

"Na ulipokuwa unaniambia niandike maombi?"

"Nilikuwa sijajua."

"Baba yangu amekufa akimlaani," alisema. Hakupaza sauti. "Amemlaani mtu aliyekuwa kaburini. Nimtafsirie mama na hilo?"

Bi Mwanahawa alimgusa binti yake mguuni, akasema kitu kifupi. Mwalimu akaniambia bila kunitazama, "Anauliza bahasha ina nini."

Niliitoa. Mwalimu aliifungua kwa wembe, akasoma. Ilikuwa barua fupi. Hamisi alisema kifua kinamsumbua lakini wauguzi ni wema. Alisema ameshika theluji kwa mkono na inaunguza kama moto, asije akaambiwa anaongopa. Aliuliza kama ng'ombe mwekundu amezaa. Aliomba mama amwombee dua, na amwambie baba kwamba akirudi atalipima shamba lao wenyewe kabla ya la mtu mwingine.

Bi Mwanahawa aliomba isomwe tena. Isomwe tena. Mara ya tatu alikuwa analia, lakini kichwa alikitikisa kwa kukubali, kama mtu anayesikiliza habari anayoijua. Kisha alisema, na binti yake akatafsiri: "Yule ng'ombe alizaa jike."

Ijumaa ile waliswali swala ya ghaibu, ile ya kumsalia maiti aliye mbali, na jioni wakasoma hitima. Mimi nilikwisha kurudi Dodoma. Sikualikwa, na ilikuwa haki yao.

Kibali cha kusoma jalada kilitoka baada ya miaka miwili. Mwalimu Mwanaidi alikuja, akanakili namba ya kaburi, akaondoka bila kuketi. Sikumwona tena mpaka nilipobakiza mwaka mmoja kustaafu. Siku hiyo aliingia ofisini kwetu mjini akiwa mwalimu mkuu, nywele zimeingia mvi. Mama yake alikuwa amefariki. Alisema wamemzika akiwa na utulivu.

"Sijaja kwa habari ya msamaha," aliniambia. "Nimekuja kwa kazi. Shule yangu ina rejista za tangu wakati wa mkoloni. Zimelundikana stoo. Watu wazima wanakuja kuuliza walizaliwa lini, wazazi wao walisoma wapi, nami siwezi kuwajibu. Nataka unifundishe kuzipanga."

Nilikwenda kwa likizo yangu, siku nne. Tulikung'uta, tukapanga, tukaandika orodha. Alikuwa mwanafunzi mkali, kila jina alilisoma kwa sauti. Chakula cha mchana tulikula sinia moja. Habari za Hamisi hatukuzigusa.

Sasa nimestaafu, ninaishi Dodoma, na vijana wa masjala huja kuniuliza mambo ya zamani. Wao wana kompyuta. Wananiambia kwamba siku hizi barua haiwezi kupotea, na mimi nawauliza nani anayechagua jalada kwenye hiyo kompyuta. Huwa wanatabasamu kwa heshima. Nawaambia pia kwamba kazi hii niliipenda, hata baada ya yaliyotokea, na kwamba kwa miaka iliyobaki sikuwahi tena kumaliza mfuko kabla ya saa sita.

Watafiti wa chuo kikuu sasa wanaruhusiwa kuyasoma majalada yale ya balozi. Atakayelifungua la Vifaa vya Upimaji ataikuta folio ya tisa palepale nilipoiweka, maana karatasi ya kumbukumbu haihamishwi kuficha kosa. Pembeni mwake ataona maneno ya penseli nyekundu: "Iliwekwa hapa kimakosa na D.M., karani. Kiambatisho kimefikishwa kwa mwenyewe, Kondoa." Katika utumishi wangu wote nilipanga maandishi ya watu wengine. Hayo ni yangu, na nimeyaacha yasomwe.